Ulizo Lisilo na Mpaka

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Kauli hiyo imewalea wanafunzi wengi na kuwapa moyo wageni wengi waliopotea njia. Katika maisha ya kawaida ya watu wa Afrika Mashariki, swali halikuwa na bei. Aliyeuliza njia alielekezwa. Aliyeuliza habari za mvua ya ng'ambo ya mto aliambiwa na msafiri aliyetoka huko. Kilichomgharimu mwulizaji ni unyenyekevu wa kukiri kwamba hajui. Siku hizi, hata hivyo, pana mahali ambapo kila swali hupimwa, huhesabiwa na kuletewa ankara mwisho wa mwezi. Mahali hapo ni katika hifadhidata zilizowekwa kwenye kompyuta za mbali, ambazo kwa pamoja huitwa wingu. Humo hurundikwa namba zinazotumwa usiku na mchana na vihisi, yaani vyombo vidogo vinavyopima mvua, joto, unyevu wa udongo, upepo na kina cha mito. Kuzitia namba hizo humo ni rahisi. Kuziuliza ndiko kunakohitaji akili.

Huenda msomaji wa Kiswahili akadhani kwamba jambo hili ni la wahandisi peke yao. La hasha. Ulizo linalopelekwa kwenye hifadhidata ni sentensi. Lina kitenzi, lina yambwa, lina vishazi vya mahali na vya wakati. Lugha ya SQL, ambayo kwayo hifadhidata nyingi huulizwa hadi leo, ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM mnamo miaka ya 1970, nao walikusudia ifanane na usemi wa kawaida wa Kiingereza kadiri ilivyowezekana. Basi mwenye kujua uzito wa kishazi tegemezi katika sentensi anayo tayari nusu ya ujuzi unaotakiwa. Nusu ya pili ni kujua kwamba, katika soko hili jipya, kishazi kimoja kikisahaulika mtu hulipa.

Mji wa Kitale umekaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyoipa Trans Nzoia sifa ya kuwa ghala la chakula la Kenya. Bungoma iko kusini magharibi yake, chini zaidi, karibu mita 1,400, kwenye nchi ya miwa, mahindi na maharagwe. Mlima Elgon unaitazama miji yote miwili. Mto Nzoia nao huanza katika vilima vya Cherangani na miteremko ya Elgon, hupita Trans Nzoia, hufika Webuye katika kaunti ya Bungoma, kisha hushuka hadi Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mvua inyeshayo juu leo huwa maji ya mtu wa bondeni siku chache baadaye. Kwa hiyo, katika ukanda huo, kuuliza kiasi cha mvua iliyonyesha si mazungumzo ya kupitisha wakati.

Ukanda huo pia una desturi ndefu ya kuandika. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatolewa mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611, iliyotokana na utafiti uliofanywa mjini humo. Kuchagua mbegu ni kazi ya daftari: kipi kilipandwa wapi, lini, kikapata mvua kiasi gani, kikazaa magunia mangapi. Hali kadhalika, kwa miaka mingi shule, misheni na mashamba ya Kenya yalitunza vipimamvua kwa kujitolea na kupeleka takwimu kwa Idara ya Hali ya Hewa. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alitoka, akamimina maji yaliyokusanyika katika kopo la kupimia, akasoma milimita na kuziandika. Sikukuu haikumzuia, wala jua halikumzuia. Siku kavu nayo iliandikwa, kwa sifuri.

Mmoja wa watu hao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu, aishiye viungani mwa mji wa Bungoma. Alitunza daftari la mvua la shule yake tangu akiwa kijana hadi alipostaafu, na nakala zake bado zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Dada yake aliolewa Kitale, na binti wa dada huyo akasomea kompyuta. Mwaka 2022 binti huyo alikuwa ameajiriwa na chama kidogo cha wakulima kuwatunzia data za vituo 40 vya hali ya hewa vilivyosimikwa mashambani, kuanzia Endebess na Kiminini hadi Chwele na Kimilili. Vituo vya aina hiyo si vigeni tena barani. Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na Nick van de Giesen wa chuo kikuu cha Delft nchini Uholanzi na John Selker wa chuo kikuu cha Oregon State nchini Marekani, umekuwa ukivisimika katika nchi nyingi za Afrika, vingi vikiwa katika viwanja vya shule, ili mwanafunzi avisome na mwanasayansi avitumie.

Mjomba alipoelezwa mara ya kwanza kwamba namba za mvua hupelekwa kwenye wingu, alicheka hadi akavua miwani.

"Mpwa wangu, maisha yangu yote mawingu ndiyo yaliyoniletea mvua. Hilo lenu linachukua mvua badala ya kuileta?"

"Linachukua namba tu, mjomba, na kuzihifadhi."

"Na likishazihifadhi, linazitoa bure?"

Binti hakuwa na jibu la haraka. Swali hilo lilikuwa limeanza kumsumbua ofisini.

Hifadhidata za mfululizo wa wakati, yaani zile ambazo kila namba huandikwa pamoja na saa yake, zimekuwa zikitoza kwa njia mbalimbali. Iliyo ngumu zaidi kuizoea ni ile inayotoza kwa wingi wa data zinazopitiwa ili kupata jibu. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Wao hudhani kwamba ulizo fupi ni rahisi na ulizo refu ni ghali, au kwamba jibu la namba moja haliwezi kugharimu zaidi ya jibu la kurasa kumi. Kumbe urefu wa ulizo hauna maana, na urefu wa jibu hauna maana. Kinacholipiwa ni idadi ya kurasa zilizofunuliwa katikati ya ulizo na jibu. Anayeuliza, "Mvua kubwa kuliko zote ilikuwa milimita ngapi?" ameuliza kwa maneno machache na atajibiwa kwa namba moja, lakini amelazimisha daftari zima lifunuliwe tangu ukurasa wa kwanza.

Mfano wa hesabu utalidhihirisha jambo hili. Kituo kimoja kikipima kila baada ya dakika 5, hutoa vipimo 288 kwa siku. Kikipima vitu 10, hutoa rekodi 2,880. Vituo 40 hutoa rekodi 115,200 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya milioni 42. Ikikadiriwa kwamba kila rekodi hula baiti 100, daftari la mwaka mmoja huwa na gigabaiti 4.2 hivi. Si daftari kubwa. Hutoshea katika simu ya mkononi na nafasi ikabaki. Sasa ichukuliwe bei iliyopata kutangazwa hadharani: hifadhidata ya Amazon Timestream, ilipofunguliwa kwa watumiaji wote mwaka 2020, ilitoza senti 1 ya dola kwa kila gigabaiti iliyopitiwa katika vituo vyake vya mashariki mwa Marekani, na ulizo dogo kabisa lilihesabiwa kuwa la megabaiti 10. Senti moja! Nani ataiogopa?

Lakini haba na haba hujaza kibaba. Pakiwa na skrini ukutani inayojihuisha kila dakika, na ulizo lake likawa halina kishazi cha wakati, daftari la mwaka mzima litafunuliwa mara 1,440 kwa siku. Hizo ni gigabaiti zaidi ya 6,000, nazo ni dola 60 na ushei. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni zaidi ya shilingi 7,700 kila siku, usiku ukiwemo, Jumapili ikiwemo, iwe pana mtu wa kuitazama skrini au hapana. Ulizo lilelile likiongezewa kishazi kimoja tu, kwamba zinatakiwa data za saa 24 zilizopita, kila mara zitapitiwa megabaiti 11.5, na gharama ya siku itashuka hadi shilingi 21 hivi. Na kwa kuwa vituo vingi vya namna hiyo hutuma data zao mara moja kwa saa ili kutunza betri, kuuliza kila dakika ni kuuliza mara 60 jambo ambalo jibu lake halijabadilika. Skrini ikiuliza mara moja kwa saa, siku nzima haitimizi hata nusu shilingi.

Ankara ya chama ilipopanda miezi mitatu mfululizo, kamati iliitishwa. Ankara yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza cha kiufundi, na wanakamati, watu wazima wenye busara zao, walisoma walichoweza kukisoma: idadi. Waliona kwamba wakulima walikuwa wakiuliza mara mamia kwa mwezi kupitia ujumbe mfupi wa simu. Mmoja huuliza kama udongo wa Chwele umeloa kiasi cha kupanda. Mwingine, kama mvua ya wiki ya Kimilili ni kubwa mno kutia mbolea ya kukuzia, kwa kuwa mvua nyingi huizamisha mbolea chini kabla mizizi haijaifikia. Kamati ikaona njia iliyo wazi. Maswali ni mengi, kila swali lina bei, basi maswali yapunguzwe. Ikapendekezwa kwamba huduma ya wakulima isitishwe hadi msimu ujao, na ofisi ibaki na skrini yake ili wageni na wafadhili waone kazi inaendelea.

Hapa ndipo palipo na uzito wa jambo lote hili. Gharama inapopanda, wa kwanza kunyamazishwa huwa ni yule anayeuliza kwa sauti ndogo. Si lazima pawe na nia mbaya. Inatosha kwamba maswali ya wadogo huhesabika, ilhali swali la mkubwa limetundikwa ukutani na hakuna anayeliona tena kuwa ni swali.

Binti aliomba wiki moja. Alitoa orodha ya maulizo yote ya mwezi na kuyapanga kwa wingi wa data zilizopitiwa na kila ulizo, akiacha idadi ya maulizo kando. Orodha ilipinduka juu chini. Maulizo ya wakulima, ambayo yalikuwa mengi kwa idadi, yalikuwa mwishoni kabisa kwa uzito. Sababu yake ilikuwa katika namna wakulima wanavyouliza. Mkulima wa Chwele haulizi mvua ya dunia. Huuliza mvua ya Chwele. Huuliza tangu Ijumaa. Huuliza mvua, haulizi upepo. Swali lake lina mahali, lina wakati na lina kitu, kwa sababu shamba lake lina mipaka na msimu wake una mipaka. Data zikiwa zimepangwa kwa kituo na kwa wakati, wiki moja ya kituo kimoja ni megabaiti 2 hivi, yaani chini ya kile kiwango cha chini cha kutozwa. Kwa bei iliyotajwa, maulizo 10,000 ya aina hiyo yangegharimu dola 1. Siku moja ya skrini isiyo na mpaka ingelipia maulizo zaidi ya 600,000 ya wakulima.

Kabla ya kurudi kwa kamati, alikwenda Bungoma kumwona mjomba wake. Alitaka kujua jambo moja: katika siku za daftari la karatasi, mkaguzi alipouliza mvua ya miaka kumi, mjomba alijibuje bila kujumlisha siku 3,650?

"Nilijumlisha kila mwezi ulipoisha," mzee alisema. "Jumla niliiandika chini ya ukurasa. Mwaka ulipoisha nikaandika jumla kumi na mbili kwenye ukurasa wa nyuma. Mkaguzi akija, namfungulia ukurasa wa nyuma tu. Wewe unajumlisha upya kila anapobisha mgeni?"

"Ndivyo mashine inavyofanya, mjomba, kama haikuambiwa vinginevyo."

"Basi iambieni."

Ushauri huo, ambao mwalimu aliutoa bila kujua lolote kuhusu wingu, ndio msingi wa mbinu wanazotumia wataalamu. Programu ya RRDtool, iliyotolewa na Tobias Oetiker wa Uswisi mwaka 1999, ilihifadhi vipimo vya karibuni kwa ukamilifu na vya zamani kwa muhtasari tu, hivi kwamba faili halikukua hata baada ya miaka. Hifadhidata za kisasa hutengeneza muhtasari wa saa na wa siku kwa ratiba, zikauandika katika jedwali dogo, na skrini zikaelekezwa kusoma jedwali hilo. Daftari kubwa hufunuliwa mara moja tu, namba zinapoingia; baada ya hapo ukurasa wa nyuma hutosha. Pana pia mbinu ya kubana namba zenyewe. Mwaka 2015 wahandisi wa Facebook walieleza mfumo wao uitwao Gorilla, ambao kwa kuandika tofauti tu kati ya kipimo na kilichokitangulia uliweza kupunguza kila kipimo kutoka baiti 16 hadi wastani wa baiti 1.37. Kilichowezesha hayo ni tabia ya maumbile yenyewe: joto la saa nne na dakika tano halitofautiani sana na joto la saa nne kamili.

Hata hivyo, muhtasari ni kazi ya kuchagua, na anayechagua huacha kitu. Mjomba alimwonya mpwa wake juu ya mambo manne, na yote manne yana sura yake katika kompyuta.

La kwanza ni mpaka wa siku. Siku ya daftari la mvua huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa tatu asubuhi ya pili yake. Kompyuta nyingi hukata siku kwa saa ya kimataifa, ambayo usiku wake wa manane huangukia saa tisa usiku kwa saa za Kenya. Muhtasari uliokatwa huko hauwezi kulinganishwa na daftari la mwalimu, na miaka yote ya kumbukumbu huwa kama lugha mbili zisizo na mkalimani. Ni sharti mashine iambiwe siku inaanza lini.

La pili ni hatari ya wastani. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwa nusu saa alasiri, huchukua udongo wa juu na mbegu changa pamoja nao. Ikigawanywa kwa saa 24, huwa milimita 1.25 kwa saa, na anayesoma atadhani siku hiyo palikuwa na manyunyu tu. Kwa sababu hiyo ukurasa wa nyuma hauna budi kubeba jumla na kiwango cha juu kabisa, wala usitosheke na wastani.

La tatu ni tofauti kati ya sifuri na kimya. Mwalimu aliandika sifuri pale ambapo haikunyesha, na aliacha mstari mtupu siku aliyougua asiweze kupima. Mvua iliyodondoka lakini isipimike aliiandikia alama yake. Kihisi kilichoharibika hakiandiki chochote, na muhtasari usio mwangalifu hugeuza kimya hicho kuwa ukame. Dawa yake ni kuhifadhi pia idadi ya vipimo: siku yenye vipimo 288 imesema yote, siku yenye vipimo 90 haijasema hata theluthi. Idadi hiyo pia huzuia kosa la kutafuta wastani wa wastani, ambao huwa sahihi pale tu siku zote zina vipimo sawa.

La nne ni subira. Mtandao wa simu ukikatika mlimani, vipimo vya Jumatatu huweza kufika Jumatano. Mwalimu alijumlisha kwanza kwa penseli, akaupitia ukurasa tena, ndipo akaandika kwa wino. Vivyo hivyo, ratiba ya muhtasari inapaswa kurudia siku chache za nyuma kila inapopita, ili vilivyochelewa viingizwe. Kurudia siku tatu ni gharama ndogo. Kurudia mwaka mzima ni kurudi kwenye maradhi yaleyale.

Kamati ilipokutana tena, binti hakuanza na lugha ya ankara. Kile ambacho ankara ilikiita kwa Kiingereza cha mitambo yeye alikiita "kurasa zilizofunuliwa". Aliuliza ni nani aliyefunua kurasa nyingi kuliko wote, akaonyesha skrini ya ukutani. Pakawa na kimya kidogo. Mwenyekiti, ambaye mwezi uliotangulia ndiye aliyependekeza wakulima wanyamazishwe, alisema kwamba kumbe wao walihesabu vichwa badala ya kupima mizigo. Skrini ikawekewa mpaka wa saa 24 na kuelekezwa kwenye muhtasari, ikauliza mara moja kwa saa. Huduma ya wakulima iliendelea. Ankara ya mwezi uliofuata ilishuka, na haijapanda tena kwa sababu hiyo.

Jambo moja kamati ilikataa kulibana, na haikukosea. Data za mvua za saa chache zilizopita, za vituo vilivyo karibu na Nzoia na vijito vyake, ziliachwa ziulizwe kwa ukamilifu na mara kwa mara pale mvua inapopita kiwango. Usiku ambao mto unafura si usiku wa kuhesabu senti. Watu wa Budalang'i wameonja mafuriko mara nyingi mno, na mara nyingi maji yaliyowafika yalikuwa mvua iliyopimwa na mtu fulani juu huko. Kubana matumizi kuna maana pale tu kunapoacha akiba ya kuuliza swali la lazima kwa wakati wake. Anayebana yote sawasawa hajabana, amejifumba macho.

Ni vyema kukumbuka kwamba bei hazidumu. Tangu mwaka 2024 hifadhidata iliyotajwa ilibadili utaratibu na kutoza kwa nguvu ya kompyuta inayotumika badala ya data zinazopitiwa, na tangu Juni 2025 toleo lake hilo halipokei wateja wapya. Maghala mengine yatakuja na vipimo vingine. Lakini kwa kipimo chochote kile, kufunua daftari zima kwa ajili ya mstari mmoja ni kazi, na kazi ina mwenye kuilipa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba hata daftari lenyewe huweza kuila mali, likiwa hakuna ajuaye kulifungua mahali panapotakiwa.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana sehemu yao hapa, nayo si ndogo. Istilahi kama ulizo, kihisi, hifadhidata na muhtasari zimekwisha kupata nafasi katika maandishi, lakini istilahi ikikaa katika kamusi peke yake haijafanya kazi. Wanakamati wale hawakukosa akili ya kuamua. Walikosa neno la kuwaonyesha wanaamua nini. Walipolipata, waliamua kwa dakika chache, na kwa haki. Kila mwezi zinakuja ankara nyingine za namna hiyo katika ofisi za maji, zahanati, shule na vyama vya ushirika, zikisomwa na watu wazima wanaoona idadi na wasiuone uzito. Kuwatafutia maneno ni kazi ya taaluma hii, na kazi hiyo haihitaji kihisi hata kimoja.

Kuuliza, basi, bado si ujinga. Ujinga ni kuuliza bila kusema wapi, lini na nini, kisha kumlaumu mkulima wa Chwele ambaye tangu mwanzo aliyasema yote matatu.